Mwongozo Kamili: Kusimika Mfumo wa Wavuti wa Maombi ya Kazi za Wanafunzi

Wanaojenga mfumo wa aina hii hukwama mahali palepale. Kurasa zinapendeza na fomu inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mjenzi, lakini siku ya kufunga maombi inapofika faili zinakataliwa, barua pepe hazifiki, mwanafunzi mmoja anakutwa na maombi matatu ya nafasi moja, na mwajiri anajikuta akisoma wasifu wa watu wasiomhusu. Chanzo kikubwa ni kuanza na sura ya kurasa kabla ya kuamua ombi litapita hali zipi na nani ana haki ya kuliona katika kila hali. Mwongozo huu unaanzia kwenye uamuzi huo, ndipo unapanda kuelekea kwenye seva.

## Vinavyohitajika

- Seva pepe yenye Ubuntu 24.04. Kumbukumbu (RAM) ya GB 2 inatosha kwa kuanzia.
- Jina la kikoa, pamoja na ruhusa ya kubadilisha rekodi zake za DNS, yaani orodha inayoelekeza jina hilo kwenye seva na huduma zake. Bila ruhusa hiyo Hatua ya 7 haitakamilika.
- Django 5.2 (kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python), Python 3.10 au toleo la juu zaidi, na PostgreSQL 14 (programu ya kanzidata) au toleo la juu zaidi.
- Nginx, inayopokea maombi ya wavuti kutoka nje, na Gunicorn, inayoendesha msimbo wa Django nyuma yake.
- Akaunti kwenye huduma ya kutuma barua pepe inayopokea ujumbe kupitia mlango wa 587. Usipange kutuma moja kwa moja kutoka kwenye seva yako, kwa kuwa kampuni nyingi zinazokodisha seva huziba mlango wa 25.
- Majibu ya maandishi kutoka ofisi inayosimamia ajira za wanafunzi: nani anaruhusiwa kutangaza nafasi, nyaraka zipi ni za lazima, na taarifa za waombaji zitatunzwa kwa muda gani.

Kitu hicho cha mwisho ndicho kinachochelewa kupatikana kuliko vyote, kwa hiyo kiombe mapema.

## Hatua ya 1: Chora safari ya ombi

Chukua karatasi uandike hali zote ambazo ombi moja linaweza kuwa nazo, tangu mwanafunzi anapolianzisha hadi anapopata jibu. Mara nyingi hali 7 zinatosha: rasimu, limewasilishwa, linapitiwa, ameitwa kwenye usaili, limekubaliwa, limekataliwa na limeondolewa. Unganisha hali hizo kwa mishale, na juu ya kila mshale andika ni nani mwenye ruhusa ya kulisogeza ombi. Mwanafunzi pekee ndiye anayewasilisha na kuondoa. Mwajiri ndiye anayeita kwenye usaili. Ofisi inaweza kubaki na neno la mwisho la kukubali.

Maswali mengi yatakayojitokeza baadaye yana majibu kwenye mchoro huu: kitufe kipi kionekane kwa nani, barua pepe ipi itumwe lini, na mwanafunzi anaweza kubadilisha wasifu wake mpaka wakati gani.

Tahadhari. Usitunze hali kwa visanduku vingi vya ndiyo na hapana, kimoja cha kuwasilishwa, kingine cha kukubaliwa, kingine cha kukataliwa. Itafika siku ombi moja litakuwa limekubaliwa na kukataliwa kwa wakati mmoja, na hakuna atakayejua lipi ni kweli. Weka safu moja tu ya hali.

Utajua hatua hii imekamilika pale mtu wa ofisi asiyeandika msimbo atakapousoma mchoro na kukuonyesha ulipokosea. Akisema "sawa" bila kusahihisha chochote, yaelekea hajausoma.

## Hatua ya 2: Andaa mazingira ya kazi

Tengeneza mazingira ya pekee ya Python kwa ajili ya mradi, kisha usakinishe Django pamoja na kiunganishi cha PostgreSQL:

```
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
pip install "django~=5.2.0" "psycopg[binary]"
```

Toleo la 5.2, lililotoka Aprili 2025, ni mojawapo ya matoleo ya Django yanayohudumiwa kwa takriban miaka 3, na hilo ni jambo la maana kwa mfumo ambao huenda utaachiwa mtu mwingine baada yako.

Tumia PostgreSQL tangu siku ya kwanza, hata kwenye kompyuta yako binafsi. SQLite, kanzidata ndogo ambayo Django huanza nayo, huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja kwenye kanzidata nzima, kwa hiyo tabia yake chini ya msongamano haifanani na utakayoikuta kwenye seva.

Tahadhari. Unda modeli yako mwenyewe ya mtumiaji na uitaje kwenye `AUTH_USER_MODEL` kabla ya kuendesha `migrate`, amri inayojenga majedwali, kwa mara ya kwanza. Kuibadilisha baada ya majedwali kujengwa kunawezekana, ila kunahitaji kazi ya mikono inayochosha. Vilevile, `SECRET_KEY` (ufunguo wa siri wa Django) na nywila ya kanzidata visiwekwe ndani ya msimbo. Visomwe kutoka kwenye faili la mazingira lisiloingizwa kwenye Git, hifadhi ya msimbo.

## Hatua ya 3: Jenga majedwali

Majedwali ya msingi ni sita: mwanafunzi, mwajiri, nafasi, ombi, kiambatisho na historia ya hali. Jedwali hilo la mwisho hurukwa na wengi, ilhali ndilo litakalokuokoa malalamiko yanapoanza. Kila ombi linapobadilishwa hali, andika humo hali ya zamani, hali mpya, aliyebadilisha na wakati. Mwanafunzi akidai kwamba aliwasilisha na hakupitiwa, utakuwa na jibu lenye tarehe na saa.

Kwa jina la mwombaji weka kisanduku kimoja cha jina kamili. Kulazimisha jina la kwanza na la ukoo huwatesa wenye jina moja na wenye majina manne. Usizuie alama zozote zinazopatikana ndani ya majina ya watu: mtu ambaye jina lake lina *ng'* akiambiwa kwamba ameandika herufi zisizoruhusiwa, hana namna ya kujisahihisha.

Sasa zuia maombi yanayojirudia, na uzuie ndani ya kanzidata yenyewe:

```
class Meta:
    constraints = [
        models.UniqueConstraint(
            fields=["mwanafunzi", "nafasi"],
            name="ombi_moja_kwa_nafasi",
        )
    ]
```

Kuandika kwenye msimbo "angalia kama ombi lipo, kama halipo hifadhi" hakutoshi. Mwanafunzi mwenye intaneti ya kusuasua hubonyeza kitufe mara mbili. Maombi mawili hufika kwa pamoja, yote mawili huangalia, yote mawili hukuta hakuna kitu, na yote mawili huhifadhiwa. Kanzidata pekee ndiyo iliyo mahali pa kukataa la pili. Kazi yako ni kulidaka kosa la `IntegrityError` na kumwambia mwanafunzi kwa upole kwamba ombi lake limekwisha kupokelewa.

Kumbuka kwamba kizuizi hiki kinahesabu hata ombi lililoondolewa. Ikiwa ofisi inaruhusu mtu aliyejiondoa kuomba tena, ongeza sharti la `condition` ili maombi yaliyoondolewa yasihesabiwe.

Kipimo ni rahisi: jaribu kuhifadhi maombi mawili ya mwanafunzi mmoja kwa nafasi moja kupitia `manage.py shell`. La pili likikataliwa, endelea.

## Hatua ya 4: Gawa mamlaka

Mfumo una watu wa aina tatu: mwanafunzi, mwajiri na msimamizi. Usiruhusu mtu yeyote kujisajili kama mwajiri na kutangaza nafasi papo hapo. Akaunti ya mwajiri ibaki imefungwa hadi ofisi iikague, kwa sababu matangazo ya kazi za uongo huwawinda wanafunzi hasa, na tangazo lililopita kwenye mfumo wa chuo huaminika kuliko la mtaani.

Kosa linalorudiwa mno katika hatua hii ni hili. Mwajiri anafungua ombi kwenye anwani inayoishia na `/ombi/57/`. Kwa udadisi tu anabadilisha 57 kuwa 58, na hapo hapo anaona jina, namba ya simu na matokeo ya masomo ya mwanafunzi aliyeomba kazi kwa mtu mwingine kabisa. Mjenzi alihakikisha kwamba aliyeingia ni mwajiri, akasahau kuuliza kama ombi hilo ni la nafasi yake.

Dawa yake ni kuunganisha utafutaji wa ombi na mwenye haki ya kuliona:

```
ombi = get_object_or_404(
    Ombi, pk=pk, nafasi__mwajiri=request.user.mwajiri
)
```

Kwa njia hii ombi lisilomhusu hujibiwa kwamba halipo. Jibu la kwamba lipo ila amezuiwa lingemthibitishia kuwa amelilenga sawasawa. Ondoa pia rasimu kwenye macho ya mwajiri. Mwanafunzi ambaye hajawasilisha hajakubali kusomwa.

Django haina kizuizi cha kujaribu nywila mara nyingi mfululizo. Ongeza kifurushi kama `django-axes` ili akaunti ifungwe kwa muda baada ya majaribio kadhaa yaliyoshindikana.

Ili kujiridhisha, tengeneza waajiri wawili wa majaribio, fungua vivinjari viwili, nakili anwani kutoka kimoja na uibandike kwenye kingine. Kila anwani uliyoihamisha inapaswa kurudisha 404.

## Hatua ya 5: Tengeneza fomu ya kuomba

Hapa ndipo wengi hutumia muda mrefu kuliko inavyostahili. Uliza yale tu yatakayosomwa na mwajiri. Igawe fomu katika kurasa fupi zinazohifadhi rasimu kila mwanafunzi anaposonga mbele, ili mtandao ukikatika asianze upya. Ijaribu kwenye simu yenye kioo kidogo, kwani waombaji wengi hawatakuwa na kompyuta.

Baada ya kuwasilisha, ukurasa uonyeshe namba ya ombi, saa lilipopokelewa na majina ya faili zilizopokelewa. Mwanafunzi asiyeona uthibitisho huo atawasilisha tena au ataipigia simu ofisi.

## Hatua ya 6: Pokea viambatisho bila kuviweka hadharani

Viambatisho ndivyo vinavyoangusha mifumo mingi kuliko kitu kingine chochote, na huangusha kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ukubwa. Nginx kwa kawaida hukataa ombi lolote linalozidi MB 1 na kurudisha kosa la 413, kabla Django haijajua kwamba kuna kitu kilichotumwa. Kwenye kompyuta ya mjenzi hakuna Nginx, kwa hiyo kila kitu hupita. Kwenye seva, cheti kilichopigwa picha kwa simu na kugeuzwa PDF hugonga mwamba. Amua kikomo, tuseme MB 5 kwa faili moja, kiandike waziwazi karibu na kitufe cha kupakia, kikague ndani ya Django, kisha weka `client_max_body_size` ya Nginx iwe juu zaidi ya jumla ya faili zinazotumwa kwa mkupuo mmoja. Kufanya hivyo humpa mwanafunzi aliyezidisha ujumbe wako unaoeleweka badala ya ukurasa mkavu wa Nginx.

Ya pili ni usiri, na hii ina madhara makubwa zaidi. Mazoea ya kuweka faili zote kwenye folda ya `media` inayosomwa moja kwa moja na Nginx yana maana kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kupakua cheti cha mtu, awe ameingia kwenye akaunti au hajaingia. Fanya hivi:

1. Hifadhi viambatisho kwenye folda isiyofikika kwa anwani ya wavuti.
2. Kila faili lipewe jina jipya la nasibu la aina ya UUID, yaani mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu usiokisika. Jina la asili litunzwe kwenye jedwali kwa ajili ya kumwonyesha msomaji.
3. Upakuaji wote upitie kwenye msimbo wako, unaokagua haki kama katika Hatua ya 4.
4. Ukaguzi ukipita, Django irudishe kichwa cha `X-Accel-Redirect`, na Nginx ilitoe faili kutoka kwenye sehemu iliyotiwa alama ya `internal`. Msimbo unaamua nani apewe, Nginx inafanya kazi nzito ya kulisafirisha.

Tahadhari. Usiamini jina la faili linaloishia na `.pdf`. Mtu yeyote anaweza kulibadilisha. Soma baiti za mwanzo: faili halisi la PDF huanza na `%PDF`. Hilo peke yake halithibitishi kwamba faili ni salama, ila huzuia picha na faili za Word zilizobatizwa jina, ambazo mwajiri angeshindwa kuzifungua.

Nakili kiungo cha kiambatisho na ukifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Ukipelekwa kwenye ukurasa wa kuingia, umefaulu. Faili likifunguka, usisogee hatua moja mbele.

## Hatua ya 7: Hakikisha barua pepe zinafika

Anza na kikoa. Kwenye DNS ongeza rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako, kama mtoa huduma wako wa barua pepe anavyoelekeza. Tangu Februari 2024 Google inadai SPF au DKIM kwa yeyote anayetuma ujumbe kwenda Gmail, na huko ndiko ziliko anwani za wanafunzi wengi. Bila rekodi hizi mwaliko wa usaili utalala kwenye folda ya taka, au utakataliwa kabisa.

Kisha, tenganisha kutuma barua na kuwasilisha ombi. Msimbo unaotuma barua papo hapo mwanafunzi anapobonyeza "wasilisha" humfanya asubiri seva ya barua. Seva hiyo ikichelewa, Gunicorn, ambayo kwa kawaida huvumilia sekunde 30, humuua mfanyakazi wake. Mwanafunzi anaona kosa la 502 (seva haijapata jibu), anadhani ombi limepotea na anaanza upya, ilhali huenda lilikwisha kuhifadhiwa.

Njia nyepesi ni kuwa na jedwali la barua zinazosubiri. Kuwasilisha kunaandika safu moja humo na kumjibu mwanafunzi mara moja. Amri ndogo inayoendeshwa kila dakika na cron, kipanga-ratiba cha seva, inazichukua na kuzituma, na iliyoshindikana inajaribiwa tena baadaye. Kuna zana kubwa za foleni kwa kazi hii, lakini kwa chuo kimoja ni kumchinjia njiwa kwa shoka.

Mwisho, zima huduma ya barua kwa makusudi na uwasilishe ombi la majaribio. Linapaswa kupokelewa bila kuchelewa, na barua ifike baada ya huduma kurudi.

## Hatua ya 8: Weka saa ya kufunga isiyobishaniwa

Tangazo linalosema "mwisho ni tarehe 15, saa 6 usiku" lina maana mbili: usiku unaoingia tarehe 15 na usiku unaotoka tarehe 15. Tofauti yake ni siku nzima. Andika "tarehe 15, saa 5:59 usiku", na pembeni uweke 23:59, kwa sababu hivyo ndivyo simu ya mwanafunzi inavyoonyesha.

Kwenye Django acha `USE_TZ` iwe `True` na uweke `TIME_ZONE` ya mahali chuo kilipo. Ukiiacha kwenye UTC, saa ya kimataifa, chuo kilicho saa 3 mbele kitafunga dirisha saa 8:59 usiku, na waliochelewa watakuwa wamepita pamoja na waliowahi.

Ukaguzi wa saa ufanyike kwenye seva wakati wa kuwasilisha. Kuficha kitufe kwenye ukurasa hakutoshi, kwa kuwa mtu aliyeufungua ukurasa mapema bado anakiona. Ikiwa unampa nafasi ya dakika chache aliyekuwa katikati ya kupakia, iandike kama kanuni ndani ya mfumo. Huruma inayotolewa kwa simu kwa mmoja mmoja huleta lawama.

## Hatua ya 9: Pandisha mfumo kwenye seva

Fuata mpangilio huu, kwa sababu baadhi ya vipengele vinategemea vilivyotangulia.

1. Fungua milango 22, 80 na 443 pekee kwa `ufw`, ukuta wa moto wa Ubuntu. Mlango wa 22, unaotumia kuingia kwenye seva, uwe wa kwanza kuruhusiwa, la sivyo utajifungia nje mwenyewe.
2. Weka `DEBUG = False`. Ukiiacha ikiwa `True`, kosa moja tu litamwonyesha mgeni vipande vya msimbo na mipangilio yako.
3. Jaza `ALLOWED_HOSTS` (majina ya kikoa yanayokubaliwa) na `CSRF_TRUSTED_ORIGINS` (anwani zinazoaminiwa kutuma fomu). Cha pili kiandikwe pamoja na `https://`.
4. Endesha `migrate`, kisha `collectstatic`, inayokusanya faili za mwonekano wa kurasa.
5. Endesha Gunicorn kama huduma ya systemd, msimamizi wa huduma za Ubuntu, ili irudi yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa.
6. Weka Nginx mbele yake, na uagize ipitishe vichwa vya `Host` na `X-Forwarded-Proto`. Kwa upande wa Django weka `SECURE_PROXY_SSL_HEADER`.
7. Pata cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt kwa kutumia Certbot. Vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo hakikisha kujihuisha kunafanya kazi kwa `certbot renew --dry-run`.

Mambo yakikwama, namba ya kosa hukuambia pa kutazama. Kosa la 400 kwenye kila ukurasa huelekeza kwenye `ALLOWED_HOSTS`. Kosa la 403 linapotokea kwenye fomu tu mara nyingi ni la CSRF, ulinzi dhidi ya fomu zinazotumwa kutoka tovuti nyingine, na huelekeza kwenye kipengele cha 3 au cha 6. Kosa la 502 lina maana kwamba Nginx haipati jibu kutoka Gunicorn. Soma kumbukumbu za huduma kwa `journalctl -u` ukitaja jina la huduma yako. Ukurasa unaofunguka bila rangi wala mpangilio unadai `collectstatic` au njia ya faili kwenye Nginx.

Maliza kwa `manage.py check --deploy` na usome kila onyo linalotoka.

## Hatua ya 10: Nakala za akiba

Kila usiku chukua kanzidata kwa `pg_dump -Fc` pamoja na folda ya viambatisho, kisha uvipeleke kwenye mashine nyingine. Kimoja bila kingine hakifai: majina ya faili yako kwenye kanzidata, na faili zenyewe ziko nje yake.

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiki. Irejeshe kwenye mashine tupu kwa `pg_restore`, ingia kama mwajiri wa majaribio, na ufungue kiambatisho kimoja. Kikifunguka, andika hatua ulizofuata ili mwenzako aweze kuzirudia wewe ukiwa haupo.

## Hatua ya 11: Jaribu kwa watu, kisha fungua

Tangaza nafasi moja ya kweli kwa kundi dogo la wanafunzi kabla ya kufungua kwa chuo kizima. Kaa kimya ukiwatazama wanavyojaza kwa simu zao. Usiwasaidie, mahali watakapouliza "hapa nifanyeje?" ndipo panapohitaji maneno mapya kwenye ukurasa.

Siku ya kufunga usibadilishe msimbo wowote. Saa za mwisho ndizo zenye msongamano, na marekebisho madogo yaliyopandishwa jioni hiyo hayana muda wa kurudishwa nyuma. Fuatilia nafasi iliyobaki kwenye diski, idadi ya barua zinazosubiri na kumbukumbu za makosa.

Msimu ukiisha na majibu yote yakatoka, weka amri inayofuta viambatisho vya waliokataliwa na waliojiondoa pindi muda uliokubaliwa na ofisi unapotimia, na muda huo utajwe kwenye fomu ya kuomba. Amri hiyo ifute faili kwenye diski pia, kwa kuwa Django inapofuta safu ya jedwali huliacha faili lake mahali pake. Hesabu faili zilizomo kwenye folda kabla na baada ya kuiendesha. Tofauti ilingane na idadi ya safu zilizofutwa.